Neno nililosema halipo: husuni, kasri na hekaya za Kilwa

Mwaka jana, katika somo la tafsiri, mwalimu wetu alitupa aya moja ya Kifaransa iliyohusu «château fort» cha enzi za kati: kuta nene, minara, handaki lililojaa maji, daraja linaloinuliwa kwa minyororo usiku. Kazi ilikuwa kuileta aya hiyo katika Kiswahili. Tulikwama kwenye kichwa chake. Mwenzetu mmoja aliandika «boma», mwingine «nyumba kubwa ya mfalme», wa tatu «gereza». Mimi niliinua mkono nikasema, kwa Kiswahili chetu cha Kindu: «Mwalimu, neno hiyo haiko. Bazee betu habakujenga bitu bya vile.» Darasa likacheka, na kilikuwa kicheko cha kukubali.

Mwalimu hakunikemea. Aliniuliza tu: «Ndugu, Husuni Kubwa iko wapi?» Sikujua. «Basi tafuta,» akasema, «na ukishajua utuandikie.» Hiyo ndiyo asili ya makala hii. Nimechelewa kuileta kwa sababu kila nilipodhani nimemaliza, jibu lilinirudisha hapa Maniema, mahali ambapo sikutarajia.

1. Maneno kabla ya mawe

Nilianza na maneno, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya fakilti yetu. Nilipanga mezani majibu ya wenzangu pamoja na yale niliyoyapata katika kamusi, nikajaliwa maneno matano.

Boma ni uzio: miti iliyosimikwa, miiba, udongo au mawe, chochote kinachozunguka mahali ili ng'ombe wasitoke au adui asiingie. Tanzania neno hili lilikuja kuwa pia na maana ya makao ya serikali wilayani. Kwa hiyo aliyeandika «boma» hakukosea kabisa. Alitaja ukuta akaacha jengo.

Ngome ni mahali palipojengwa kwa ajili ya kujikinga. Unguja kuna Ngome Kongwe, Mombasa kuna Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593.

Gereza lina safari ndefu kuliko yote. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba limetoka kwa Wareno, ambao kanisa huliita «igreja». Ngome zao za pwani zilikuwa na kanisa ndani, na jina la sehemu likachukua jengo zima. Baadaye ngome zikatumiwa kufungia watu: Ngome ya Yesu ilikuwa jela ya serikali ya Kiingereza tangu 1895 hadi 1958. Neno la nyumba ya sala likawa la ngome, na la ngome likawa la kifungo. Huku mtaani tunasema boloko, redioni tunasikia gereza, na hakuna anayekumbuka tena kanisa.

Husuni ni Kiarabu, «hisn», yaani mahali penye ulinzi. Leo wengi wetu hatulitumii, lakini limebaki kama jina la mahali: Husuni Kubwa na Husuni Ndogo, kisiwani Kilwa.

La tano ni kasri, jumba la mfalme, kutoka Kiarabu «qasr». Hapa nilisimama kwa muda. Wataalamu wengi wa asili ya maneno wanaeleza kwamba Waarabu walilipata neno hilo, kwa kupitia lugha nyingine za Mashariki, kutoka Kilatini «castrum», kambi ya askari yenye boma. Na Kilatini hicho hicho kina kipunguzi chake, «castellum», ambacho ndicho kilichozaa «château» ya Kifaransa. Kumbe neno nililosema halipo lipo, na ni ndugu wa damu wa neno nililoshindwa kulitafsiri. Moja lilipanda kaskazini likafika Paris, lingine likapita jangwani na baharini likafika Kilwa.

2. Jengo lenyewe

Kilwa Kisiwani ni kisiwa kidogo karibu sana na ufuko wa kusini mwa Tanzania. Husuni Kubwa iko upande wa mashariki wa mji wa kale, juu ya jabali linaloangalia bahari. Aliyeijenga ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala takribani tangu 1310 hadi 1333 na kupewa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa vipaji, kwa sababu ya ukarimu wake. Ni karne ya 14, ile ile ulimojengwa mnara mkuu wa Vincennes, karibu na Paris. Tukisema «enzi za kati», basi tarehe haitupi shida.

Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba Kilwa katika miaka ya 1960 na kuandika kazi kubwa juu yake, iliyotoka mwaka 1974. Husuni Kubwa ina vyumba na nyua zipatazo 100. Upande mmoja kuna makao ya sultani: uwanja wa kupokea wageni, ngazi, na bwawa la kuogea lenye pembe nane. Upande mwingine kuna uwanja mpana uliozungukwa na vyumba, ambao Chittick aliuona kuwa wa biashara na kuhifadhia mali. Kuta ni za mawe ya matumbawe, zimeunganishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Paa zilikaa juu ya boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba ni virefu lakini vyembamba: upana wa chumba ulipimwa na urefu wa boriti.

Utajiri wa kujenga hivyo ulitoka kwenye dhahabu. Kilwa ilikuwa imeshika njia ya Sofala, ambako dhahabu ya nyanda za juu za Zimbabwe ilifika baharini. Sarafu yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman imepatikana Zimbabwe Kuu kwenyewe, mbali sana na bahari.

Sasa jambo la kumfikirisha mtu wa lugha. Husuni Kubwa inaitwa ngome, lakini si ngome. Imefunguka kuelekea bahari, ina bwawa na nyua za kukaa, na haina ulinzi ambao ungemzuia mtu aliyekusudia kuingia. Husuni Ndogo, iliyo jirani, ndiyo yenye ukuta mnene wa mstatili na minara midogo, na bado wataalamu wanabishana ilikuwa ya kazi gani. Kwa hiyo mtu akitegemea jina peke yake atapotea. Husuni Kubwa ni kasri iliyopewa jina la ngome. Jina linatueleza namna watu walivyoliona jengo, yaani kubwa, la mawe, la mtu mwenye nguvu; matumizi yake inabidi tuyatafute ardhini.

Tena, kwa maoni ya Chittick, kasri hiyo haikumalizika, na ilikaliwa kwa muda mfupi tu. Mwaka 1505, Wareno walipoivamia na kuipora Kilwa chini ya Francisco de Almeida, walijenga ngome yao kwingine, karibu na mji. Waliiacha mwaka 1512. Gereza tunaloliona leo ufukoni ni kwa sehemu kubwa kazi ya Waarabu wa Oman, iliyojengwa baadaye sana mahali hapo.

3. Panya, nguo na maji

Kila jumba la namna hii lina hekaya, na ya Kilwa imetufikia kwa njia zaidi ya moja. Kuna Tarehe ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, na muhtasari wa Kireno katika kitabu cha João de Barros kilichopigwa chapa mwaka 1552. Kuna pia masimulizi ya mdomo ya wenyeji, yaliyoandikwa kwa Kiswahili wakati wa utawala wa Wajerumani. Nazieleza hapa kwa maneno yangu.

Tarehe inaanza Shiraz, Uajemi. Mfalme anaota panya mwenye mdomo wa chuma akitoboa ukuta wa mji. Anaelewa kwamba nchi yake itaanguka, anapanda jahazi pamoja na wanawe, na majahazi saba yanatia nanga mahali mbalimbali pwani. Mmoja wa wana hao anafika Kilwa. Kisiwa kina mwenyewe, chifu kutoka bara. Wanakubaliana bei: nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Mgeni anatandaza nguo, chifu anazikusanya na kuvuka kwenda bara. Wakati ule, maji yakipwa, mtu aliweza kuvuka kwa miguu. Chifu alikusudia kurudi na watu wake ampige mgeni na kutwaa tena kisiwa. Lakini mgeni na wenzake walichimba kile kivuko usiku, maji yakajaa, na chifu aliporudi akakuta bahari haipwi tena. Akakata tamaa.

Masimulizi ya mdomo yana sura nyingine. Mwenye kisiwa anaitwa Mrimba. Mgeni anaanza kwa kumwoa binti yake, kisha nguo zinatandazwa, na Mrimba anahamia bara. Bahari inazibwa kwa kusoma Kurani na kwa sadaka, bila majembe. Mtoto anazaliwa, anakua, anavuka kwenda kumtembelea babu yake. Mzee anapomwona mjukuu anavua kilemba chake, anamvika, na utawala wa bara pia unakuwa wa mjukuu.

Nilipozisoma mara ya kwanza nilicheka kidogo. Panya wa chuma! Lakini mwalimu alinifundisha kuuliza hekaya inafanya kazi gani, kabla ya kuuliza kama ni kweli. Nikiuliza hivyo naona kwamba zote mbili zinajibu swali moja: mgeni alipataje haki ya kukaa hapa? Ile ya Kiarabu inajibu kwa mauzo, kama mkataba: bei ilitajwa, ikalipwa, muuzaji akaondoka, na hila ya muuzaji ikashindwa na hila ya mnunuzi. Ile ya mdomo inajibu kwa ujamaa: mgeni ni mkwe, na mtoto wake ni mjukuu. Ya kwanza ni ya watu wanaotaka kuwa Washirazi watupu. Ya pili haikubali kumsahau binti wa Mrimba.

Akiolojia haiungi mkono kila kitu. Inaonyesha kwamba watu walikuwa wakiishi Kilwa, wakivua na kufua chuma, tangu karibu karne ya 9, kabla ya nasaba yoyote inayotajwa katika Tarehe. Mji haukuanza na jahazi. Lakini binti wa Mrimba amepata shahidi. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa zamani, wengi wao kutoka makaburi ya miji ya pwani. Ulionyesha kwamba katika sehemu nyingi upande wa akina mama ulikuwa hasa wa Kiafrika, upande wa akina baba wenye asili ya Asia ulitoka zaidi Uajemi, na mchanganyiko huo ulianza karibu mwaka 1000. Uchunguzi huo hauthibitishi Mrimba wala kilemba chake. Unaonyesha tu kwamba wasimulizi wasiokuwa na karatasi walihifadhi jambo ambalo mwandishi wa Tarehe aliliacha nje.

4. Hekaya hiyo hiyo, huku kwetu

Hapo nilidhani nimefika mwisho. Kisha nikakumbuka kisa cha Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule tunayemwita Tippu Tip, na Kasongo Rushie wa Utetela.

Kisa chenyewe Tippu Tip alikisimulia mwenyewe, kwa Kiswahili, katika maisha yake yaliyochapishwa Berlin na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Alikuwa amesikia kwamba zamani dada wa chifu huyo walitekwa wakapelekwa Urua. Akajitokeza kwa Kasongo Rushie na madai kwamba babu yake alifika Urua, akampata mmoja wa wanawake hao, na kwamba kizazi chake ni yeye. Mzee akaamini, au akaona ni heri kuamini, akampokea kama mtoto wa dada na kumkabidhi utawala. Pembe za ndovu zikafuata.

Tazameni ujenzi wa kisa. Mgeni mwenye nguo na bunduki anafika kwa mwenye nchi. Anahitaji haki, na haki anaipata kwa njia ya mwanamke wa mwenye nchi. Mwisho wake ni mzee anayevua utawala na kumvika kijana. Ni kilemba cha Mrimba, miaka mingi baadaye, kwenye nchi isiyojua bahari. Sisemi kwamba Tippu Tip aliiga hadithi ya Kilwa. Nasema alizaliwa katika lugha na desturi ambamo kila mtu alielewa kwamba nguvu bila ujamaa haikai.

Maboma ya Nyangwe na Kasongo yalisimama juu ya visa vya namna hiyo. Hayakuwa ya mawe ya matumbawe. Yalikuwa ya miti na udongo, na jeshi la Dhanis liliingia Nyangwe Machi 1893 na Kasongo Aprili mwaka huo huo. Kilichobaki kwetu kutoka katika maboma hayo ni lugha tunayoizungumza.

5. Watumwa ishirini

Kuna jambo moja lililoniondolea furaha ya kupata neno langu, na singekuwa mkweli nikiliacha.

Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, enzi za sultani wa Husuni Kubwa. Ili kuonyesha ukarimu wake anasimulia kwamba siku moja, baada ya sala ya Ijumaa, fakiri kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akazivua, akampa. Mwanawe akazikomboa kwa fakiri kwa kumpa watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyomsifu, akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Ibn Battuta anasema pia kwamba sultani huyo alizoea kuvamia nchi za bara na kuteka mateka.

Nilisoma hayo mara mbili. Watumwa na pembe: ni bidhaa zile zile mbili zilizotoka Maniema zaidi ya miaka 500 baadaye. Bibi yangu mzaa mama, mzaliwa wa upande wa Kasongo, alizoea kutuambia: «Sisi ni Waungwana.» Alilisema kwa fahari. Wageni walikiita Kiswahili chetu Kingwana kwa neno hilo hilo. Lakini mwungwana ni mtu huru, asiye mtumwa, na neno la namna hiyo huwa na uzito mahali penye watumwa. Bibi hakutuambia familia yetu ilikuwa upande gani kabla ya kuwa Waungwana. Labda pande zote mbili.

Kwa hiyo nilipotaka kurudi darasani na kujigamba kwamba wazee wa Kiswahili walijenga, niliona siwezi kuitaja kasri bila kuwataja wale ishirini. Wanaosifu majumba ya Ulaya nao wanapaswa kuwataja wakulima waliobeba mawe. Kosa langu la kwanza lilikuwa kusema hatukuwa na kitu. Kosa la pili, ambalo nilikaribia kulifanya, lingekuwa kusema tulikuwa na kitu kizuri, basi.

6. Tafsiri yangu

Nimelifanya upya lile zoezi. Kwa «château fort», chenye minara na handaki, nimeandika ngome. Kwa «château» cha kukaa na kupokea wageni, nimeandika kasri. Boma nimelibakiza kwa uzio wa nje. Gereza nimelifuta, nikaeleza pembeni kwamba aliyeliandika angekuwa sahihi kama angeishi Mombasa karne tatu zilizopita. Husuni nimeiacha mahali pake, Kilwa, kama jina la jengo moja ambalo kila mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kujua liko wapi.

Kwa wenzangu wa mwaka wa kwanza, haya hapa maswali matatu ya kujadili kabla ya somo lijalo:

Kwanza, tafuteni katika lugha ya nyumbani kwenu, iwe Kikusu, Kilega, Kizimba au nyingine, neno la mahali pa kujikinga. Je, linataja ukuta, watu, au mwenye mahali?

Pili, waulizeni wazee hekaya ya namna ukoo wenu ulivyopata ardhi unayokaa. Je, ni hadithi ya mauzo, ya vita, au ya ndoa? Nani katika hadithi hiyo hana jina?

Tatu, mtu akiwaambia kwamba Kiswahili hakina neno la kitu fulani, mtaanza kutafuta wapi?